Bastola Haigomi

Kariakoo vitu hugoma. Simu iliyonunuliwa asubuhi Mtaa wa Aggrey inagoma kuchaji jioni. Bajaji inagoma kuwaka katikati ya Msimbazi, na foleni yote ya nyuma inapiga honi kana kwamba honi ni ufunguo. Jenereta linagoma, kufuli linagoma, zipu ya begi inagoma wakati mtu tayari ameshika tiketi ya basi. Mara chache tunasema kitu kimeharibika. Tunasema kimegoma, kwa neno lile lile tunalolitumia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947, na kwa wafanyabiashara wa Kariakoo hii hii waliofunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia kodi.

Ukilitazama vizuri, ni neno la ajabu kulipa kitu. Anayegoma ana sababu. Ana dai, ana hasira, kuna mahali amefika akasema basi. Tukisema bajaji imegoma, tunaikopesha nafsi kwa muda. Sioni ubaya wake. Ni utani wa lugha, na bila utani huo tusingeweza kuishi na mitumba. Lakini neno hilo lilinikaa vibaya kichwani siku mjomba wangu aliponiambia kwamba bastola yake imegoma.

Mjomba anauza vitenge kwa jumla, na kwa miaka mingi amekuwa akifunga duka jioni akiwa na fedha taslimu. Bastola aliipata kihalali, ikiwa imeshatumika, kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anaacha biashara na kurudi kwao. Silaha si kitenge. Nchi ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na silaha haihami mkono kwa makubaliano ya watu wawili tu. Polisi lazima wajue inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani. Hayo yalifanyika na karatasi zilikuwa sawa. Tatizo lilijitokeza kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Risasi ya tatu ilikwama. Akaitoa, akaendelea, ya sita nayo ikakwama.

Akaamua kuiuza. Mnunuzi hakuwa wa kutafuta: mfanyabiashara mwenzake, mwenye sifa za kupata kibali, mwenye fedha mkononi, asiyeuliza maswali mengi.

“Wewe si ndiye unayesoma falsafa,” aliniambia tukiwa tumekaa nyuma ya duka, juu ya marobota. “Nikimuuzia mtu kitu kinachogoma, nikanyamaza, nimemdhulumu?”

“Umemdhulumu, mjomba. Hilo halihitaji shahada.”

“Haya. Na nikikitengeneza kikawa kizima kabisa, nitakuwa nimemsaidia nani?”

Swali la kwanza lilikuwa na jibu sokoni kabla hatujazaliwa. La pili ndilo linalonifanya niandike.

*

Tuanze na lile jepesi. Katika fikihi ya biashara, ambayo wazee wengi wa Kariakoo waliisikia madrasa kabla ya kushika mizani, kasoro iliyojificha ndani ya bidhaa inaitwa aibu. Muuzaji anayeijua anawajibika kuionyesha. Mnunuzi akiigundua baadaye, na ikiwa ilikuwepo kabla ya kununua, ana hiari ya kurudisha mali na kudai fedha zake. Neno la Kiarabu linabeba dosari ya kitu na fedheha ya mtu kwa pamoja. Sisi, katika mazungumzo yetu ya kila siku, dosari ya kitu tumeiachia ila na kasoro, na aibu tumeiweka usoni mwa binadamu. Sidhani kwamba lugha ilipotea njia. Muuzaji akijua kasoro na kuinyamazia, kasoro inahama kutoka kwenye bidhaa na kuingia kwake. Simu ilikuwa mbovu. Sasa mbovu ni yeye.

Wauzaji wa simu za mtumba wana kiapo chao: “Haijafunguliwa, bosi.” Maana yake hakuna fundi aliyeigusa ndani. Ni sifa ya kushangaza, kwamba tunakiamini zaidi kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa. Nadhani tunajua kwamba kitu kilichotengenezwa kina historia, na historia ndiyo hufichwa. Kwa bastola iliyotumika mambo ni kinyume. Ile ambayo hakuna fundi aliyeifungua kwa miaka 20 ndiyo ya kuogopa. Na tofauti nyingine ni hii: simu ikigoma, unarudi dukani kugombana. Bastola ikigoma katika dakika ile ambayo mtu aliinunulia, huenda asiwepo wa kurudi dukani.

Kwa hiyo mjomba hakuwa na njia ya kunyamaza. Aliipeleka kwa fundi mwenye kibali.

*

Nilipenda jinsi alivyonisimulia kazi ya yule fundi, kwa sababu ilinikumbusha kile walimu wetu wa mantiki wanachotutaka tufanye na hoja. Kabla ya lolote aliitoa risasi zote, akaangalia chemba, kisha akaiangalia tena. Halafu hakushika bisibisi. Aliuliza: “Ilikwama wapi?”

Ilikwama wapi ni swali lenye majibu machache. Risasi inapaswa kupanda kutoka kwenye magazini na kuingia chemba. Inapaswa kulipuka ikigongwa na pini. Ganda tupu linapaswa kuvutwa kutoka chemba, kisha litupwe nje ili risasi nyingine ipate nafasi. Hizo ni hatua nne, na kila moja ikishindwa inaacha alama yake. Risasi iliyosimama mdomoni mwa chemba inasema jambo moja. Ganda lililobanwa na slaidi likiwa limesimama wima linasema lingine. Mtu aliyesema “imekwama tu” hajasema kitu.

Kisha alibadilisha kitu kimoja kimoja, hakubadilisha viwili kwa mpigo, kwa sababu ukibadilisha viwili na tatizo likaisha hutajua kipi kilikuwa na kosa. Alianza na magazini, ambayo ndiyo rahisi na ndiyo yenye makosa mara nyingi: midomo yake ya bati hupinda ikidondoshwa, na springi yake huchoka. Baada ya hapo risasi zenyewe, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na risasi iliyokaa droo moja tangu harusi ya mtoto wa kwanza si ya kutegemewa. Halafu uchafu, na mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Halafu springi inayorudisha slaidi, halafu kijino kinachovuta ganda, kama kimelika. Na mwisho kabisa wa orodha yake, mkono wa mpigaji. Mtu akiishika bastola kwa ulegevu, slaidi hukosa kitu cha kujiegemezea, haifiki mwisho wa safari yake, na bastola nzima kabisa huonekana mbovu.

Kwa mjomba ilikuwa magazini. Mdomo mmoja umepinda kwa kiasi ambacho jicho langu lisingekiona. Ikanunuliwa mpya, bastola ikafyatua risasi 50 bila kukwama hata moja, na gharama yote haikufika bei ya doti chache za vitenge vizuri.

Nilibaki na orodha ile. Inaishia mkononi, lakini mkono wenyewe umo kama kipande kingine cha mashine: umekaza au haukukaza. Fundi hana kipimo cha mengine yaliyomo mkononi, na si kazi yake kuwa nacho.

*

Mke wa mjomba hakufurahi. “Ingebaki vile vile,” alisema. “Mungu alishaifunga mdomo, nyie mkaenda kuilipia ifunguliwe.”

Tusimcheke. Anajua kwamba silaha iliyopo nyumbani hukaa na watu wa nyumbani siku zote, na huyo jambazi huenda asije maisha yote. Inakaa na watoto, na ugomvi wa usiku, na mtu ambaye amepoteza mtaji na hajamwambia yeyote. Kwake yeye kila kasoro ni sekunde ya ziada, na katika sekunde hiyo mtu anaweza kurudiwa na akili. Sisi wa Dar es Salaam tuna sababu ya kumwelewa. Agosti 2021, mchana kweupe, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja mwenye bastola aliwaua polisi watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi kabla naye hajauawa. Sote tuliitazama video ile kwenye simu zetu. Sijui kama kuna aliyeitazama bila kutamani, walau kwa nusu dakika, kwamba silaha mkononi mwake ingegoma.

Nilitamani hivyo mimi pia, na ndiyo maana nimelazimika kuichunguza tamaa hiyo. Inaomba kasoro iwe na macho. Inaomba springi ichoke kwa mwovu na ikaze kwa mwema. Kasoro haifanyi hivyo. Iliyoifunga mdomo bastola usiku wa ugomvi ingeweza kuifunga usiku wa majambazi. Tena kukwama ni uso mmoja tu wa ubovu. Kuna risasi inayochelewa: pini inagonga, kimya, mtu anaigeuza bastola kuichungulia, na hapo ndipo inalipuka. Kuna risasi dhaifu inayobaki ndani ya mtutu, na inayofuata inakuta njia imezibwa. Kuna silaha zilizochakaa ndani kiasi kwamba zikianguka sakafuni hufyatuka zenyewe. Ubovu haumpi mtu sekunde ya kufikiri. Unamnyang'anya uhakika, na asiye na uhakika aliyeshika silaha ni hatari kwa kila aliye karibu, wakiwemo wale watoto.

Kwa hiyo kutengeneza ni sawa. Ila sababu yake si kwamba bastola nzima ni kitu chema. Ni kwamba bastola mbovu haitufanyii ile kazi tunayodhani inatufanyia. Tulitaka mtu wa kukataa, tukaipa springi kazi hiyo.

*

Mwaka 1986 mwanafalsafa Annette Baier aliandika makala kuhusu kuaminiana iliyobadilisha mjadala wa somo hilo. Alitenganisha kumwamini mtu na kutegemea kitu. Ninachokitegemea kikishindwa, navunjika moyo. Ninayemwamini akishindwa, nahisi nimesalitiwa. Saa ikisimama haijanisaliti. Kiingereza kina maneno mawili ya kushikia tofauti hiyo. Sisi tunasema bastola “inaaminika” na rafiki “anaaminika”, na wote wawili tumewachota kwenye shina moja la Kiarabu lililotupa imani, amana, uaminifu na amani. Nilidhani mwanzoni kwamba Kiswahili hapo kina upungufu. Sasa naona kinatudai tu tuwe makini. Kikizungumza juu ya silaha na amani kwa shina moja, kinatukumbusha kuuliza amani ipi, na kwa nani.

Kwa sababu uaminifu wa silaha ni utii tu, na utii wenyewe hauna mwenyewe. Jiji hili liliwahi kuliona hilo kwa ukubwa wake. Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozama ndani ya delta ya Rufiji, mizinga yake mikubwa 10 iliopolewa na kuletwa Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaiundia magari ya kuikokotea nchi kavu. Ilikuwa mizinga iliyotumika, iliyozama majini, na ikafufuliwa hapa. Ilifanya kazi. Iliwatii Wajerumani hadi ilipotekwa au kuharibiwa mmoja mmoja, na mmojawapo leo upo Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha. Katika vita hiyo hiyo Waingereza waliwakusanya wapagazi wa Kiafrika kwa maelfu kubeba vyakula na risasi, wengi wao bila kuulizwa. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na mahali pa kambi yao pakaitwa, kwa midomo yetu, Kariakoo.

Nikipita sokoni hufikiria juu ya wale mafundi wa reli. Kazi yao ilikuwa safi, na sina la kuwalaumu kama mafundi. Lakini uzuri wa kazi yao haukuwa na uwezo wa kuchagua nani asimame mbele ya mzinga na nani nyuma yake. Uchaguzi huo ulibaki kwa watu.

*

Sasa nirudi kwa yule mnunuzi asiyeuliza maswali mengi. Mjomba alimweleza kila kitu: ilikwama mara mbili, kosa lilikuwa magazini, hii hapa mpya, na ile ya zamani ichukue uione. Mnunuzi akatikisa kichwa, akasema sawa, lini twende polisi? Kisha, kwa namna watu wanavyozungumza wakishakubaliana bei, akaanza kumweleza mjomba habari za mdogo wake. Walikuwa na duka la pamoja. Sasa wamegawana wateja, wamegawana mizigo, wamefikishana mahakamani, na mdogo amesema maneno mbele ya watu. Hakutishia kitu. Alisema tu, mara tatu au nne, kwamba anataka kuheshimiwa.

Plato ana kisa kifupi mwanzoni mwa kitabu chake cha Jamhuri. Rafiki amekuwekea silaha zake kama amana, akiwa na akili timamu. Baadaye akili inamruka, anakuja kuzidai. Je, haki ni kumrudishia? Kila aliye mezani anakubali kwamba hapana, ingawa mali ni yake na ahadi ni ahadi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huliona jibu hilo kuwa rahisi mno, na ni rahisi kwa sababu Plato ameshatuambia kwamba mtu yule ana wazimu. Mnunuzi wa mjomba hakuwa na wazimu. Alikuwa na hasira, kama nusu ya watu wa Kariakoo siku ya Jumamosi. Angepita kwenye kila kamati na kila dirisha, na pengine kwa haki kabisa.

Lakini lile sharti la aibu, ukilifuata hadi mwisho, lina pande mbili. Muuzaji anamwonyesha mnunuzi kasoro ya kitu, kwa kuwa ndiye anayeijua na mwenzake haijui. Na muuzaji akiijua kasoro ya mnunuzi, amwonyeshe nani? Kitambaa hakidhuriki na anayekinunua. Hapa kuna mdogo mtu, hayupo mezani, na hana hiari ya kurudisha chochote. Wajibu wa kusema ulitokana na ujuzi, haukutokana na bei, na sioni kwa nini ufe pale ujuzi unapomhusu mtu badala ya springi.

Mjomba hakuuza. Alimwambia mnunuzi kwa simu kwamba amebadili mawazo. Akamtafuta pia mzee mmoja wanayemheshimu wote, akamwomba akae na wale ndugu wawili. Nilipomuuliza kama bastola imegoma tena, alicheka. “Bastola iko sawa. Niliyegoma ni mimi.”

*

Ningependa kuishia hapo, lakini kugoma kwa mtu nako si wema kila mara. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, inayoitwa leo Lugalo, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa na maana. Njia yao ilikaribia kuipindua nchi changa, na iliwalazimu viongozi wake kuwaita wanajeshi wa Kiingereza kuja kuizima. Bunduki zao hazikuwa na hitilafu. Kilichofuata kilikuwa kulivunja jeshi lote na kuunda jingine, JWTZ, Septemba mwaka huo huo, kwa kuchagua watu upya. Walioongoza nchi walikuwa wamejiuliza swali la yule fundi, ilikwama wapi, na jibu lilikuwa kwa watu.

Hivyo sisemi kwamba anayegoma ana haki. Nasema anaweza kuulizwa. Askari wa Colito waliulizwa sababu, na sababu zao zikapimwa. Mjomba naye nimemuuliza, na anaweza kuwa amekosea: labda yule bwana ni mtu mpole aliyekuwa anapunguza machungu, na sasa amenyimwa ulinzi aliostahili kwa sababu ya hisia za muuza vitenge. Hilo linawezekana, na mjomba analijua, na analibeba. Bastola iliyokwama haibebi kitu. Ndiyo maana haiwezi kuachiwa kazi ya kukataa, hata siku ambazo kukwama kwake kungetufaa.

Mke wa mjomba bado anasema ingebaki vile vile. Bastola imo kwenye kasha la chuma, imesafishwa, na magazini yake mpya. Wameshakubaliana kuirudisha polisi kabla ya mwaka kwisha, yeye akisema kesho, mjomba akisema baada ya sikukuu, maana ndipo biashara inapokuwa na fedha nyingi mkononi. Hawajaafikiana bado. Kila jioni mjomba anafunga duka, anahesabu, na kabla ya kutoka anaamua upya kama ataichukua au ataiacha.